Ng'ambo ya Mto: Safari ya Mshikamano na Somo Lake

Methali ya wazee wetu yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu utoto tumeisikia, nasi huitamka kila tunapomwona mtu mlangoni amebeba mzigo. Lakini je, tumepata kujiuliza mwenyeji huponywa nini, na mgeni naye hurudi kwake na nini? Swali hilo liliniingia moyoni siku moja darasani, hapa Kindu, na tangu siku hiyo halijanitoka.

Ilikuwa saa ya somo la dini. Niliwasimulia wanafunzi wangu desturi ya shule nyingi za Kikatoliki za Ulaya na Marekani. Vijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba hufunga safari pamoja na walimu wao, wakaenda kukaa majuma mawili au matatu katika nchi maskini za Afrika, Asia au Amerika ya Kusini. Huko hulala misioni au katika nyumba za wenyeji, hula chakula cha wenyeji, hutembelea shule na hospitali, na pengine husaidia kujenga darasa. Safari hiyo huitwa safari ya mshikamano.

Nilipomaliza, kijana mmoja aliyeketi nyuma alisimama, akasema: "Mwalimu, wao huja kwetu. Sisi je, tutakwenda kwa nani?"

Wenzake wakacheka, maana walidhani ni mzaha. Mtoto wa Kindu, ambaye baba yake hupata kwa shida faranga za kununua chumvi na sabuni, atakwenda kumsaidia nani? Lakini mimi sikucheka. Nilimwambia: "Mwanangu, nipe muda nifikiri." Makala hii ni jibu langu, nami nalitoa kwa kuchelewa, na tena si bila aibu, kama mtakavyoona.

Mzizi mmoja umo kwetu

Watu wengi hawajui kwamba mzizi mmoja wa desturi hii umo katika nchi yetu wenyewe. Baada ya Kongo kupata uhuru tarehe 30 Juni 1960, vita vilizuka katika Kasai. Watu wengi sana waliacha nyumba na mashamba yao, wakakimbilia Kasai ya Kusini, na huko njaa ikawaangamiza. Habari hizo zilipofika Ubelgiji, maaskofu wa nchi hiyo waliwaomba Wakristo wajinyime wakati wa Kwaresima ya mwaka 1961, na fedha zitakazopatikana zipelekwe kwa wenye njaa. Kutokana na wito huo yalizaliwa mashirika mawili: Broederlijk Delen kwa Waflandri, maana yake kugawana kidugu, na Entraide et Fraternité kwa wasemao Kifaransa.

Tazameni basi jinsi Mungu anavyofanya kazi. Njaa ya Kasai iliwafundisha watoto wa shule wa Ubelgiji kuacha mlo mmoja kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Lakini baada ya miaka, watu walianza kuona kwamba kutuma fedha peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kutoa sadaka miaka ishirini bila kujua jina la mlima mmoja, wala la mto mmoja, wa nchi anayoisaidia. Ndipo zikaanzishwa safari za kwenda kuishi siku chache pamoja na wakulima na mafundi, kuwasikiliza na kufanya kazi pamoja nao.

Kanisa nalo lilisema wazi. Tarehe 26 Machi 1967 Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa barua yake iitwayo Populorum Progressio, juu ya maendeleo ya mataifa. Humo aliwasifu vijana wanaojitoa kuwatumikia watu wa nchi nyingine, lakini aliwaonya wote waendao kusaidia wasijifanye mabwana, bali wawe wasaidizi na wenzi wa kazi. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1987, Yohane Paulo II alifundisha kwamba mshikamano si huruma ya kupita inayotushika tuonapo taabu ya mtu. Ni nia thabiti, yenye kudumu, ya kutafuta mema ya wote. Tulishike neno hilo, "yenye kudumu", maana litatuhukumu mbele kidogo.

Kindu yajua bei ya kutofahamiana

Sisi wa Kindu tunalo somo letu, nalo ni zito. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za Umoja wa Mataifa zilitua hapa. Ndani yake walikuwamo Waitaliani kumi na watatu, warusha ndege na wasaidizi wao. Hawakuja kupigana. Walileta mahitaji ya askari wa Malaya, waliokuwa hapa kwa niaba ya Umoja wa Mataifa.

Siku zile nchi ilikuwa imegawanyika. Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, na katika mji wetu hofu ya askari wa kukodiwa wa Katanga ilikuwa kubwa. Askari waliokuwa Kindu waliwaona Wazungu waliovaa sare, wakawadhania kuwa ndio hao adui. Hawakuwauliza wala hawakuwasikiliza. Waliwakamata, wakawaua wote kumi na watatu. Miili yao ilizikwa kwa siri katika makaburi ya Tokolote, ikapatikana miezi michache baadaye, na Machi 1962 ikarudishwa Italia. Sasa wamelala Pisa, karibu na kiwanja cha ndege, mahali palipojengwa kwa ukumbusho wao. Na kabla machozi hayo hayajakauka, tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, juu ya mto wetu huu huu, wamisionari ishirini wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na askari.

Siandiki haya ili kuwatia wazee wetu haya, wala kuamsha chuki iliyolala. Nayaandika kwa sababu yana fundisho. Wale kumi na watatu walikuja na mzigo wa kuwasaidia wengine, lakini kati yao na waliowaua hapakuwa na hata neno moja la kufahamiana. Mahali ambapo watu hawajuani, uvumi wa saa moja una nguvu kuliko shehena nzima ya msaada. Basi wanaposema watu wa siku hizi kwamba safari ya kijana kwenda kuwajua wenziwe ni kupoteza nauli, na kwamba heri nauli hiyo itumwe kama fedha, mimi huikumbuka Tokolote. Fedha zina kazi yake, lakini haziwezi kumfundisha mtu jina la jirani yake.

Nasi tunao wajibu wa kuwaonyesha wageni mambo ambayo hawakuyategemea. Kijana wa Ulaya akifika Maniema na simu mfukoni, na asikie kwamba huko Kalima, Kailo na Punia watu huchimba kasiterite, yaani mawe yanayotoa bati, na kwamba bati ndilo linalounganisha vipande vidogo vidogo ndani ya simu na kompyuta. Huenda jasho la mtu wa Maniema limo mfukoni mwake tangu nyumbani kwao. Akilijua hilo, ataacha kujiona mfadhili aliyekuja kutoa. Atajiona mtu mwenye deni, na atakaporudi kwao atauliza maswali ya haki: mchimbaji alilipwa nini, na mtoto wake anasoma wapi?

Jibu la Kibera

Lakini bado swali la kijana wangu: sisi tutakwenda kwa nani? Nilipata nuru kutoka Nairobi, katika nchi ya Kenya. Huko, katika mtaa wa Kibera wenye vibanda vingi na watu wengi, iko shule ya sekondari ya Wayesuiti iitwayo St. Aloysius Gonzaga. Ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa mtaa huo walioondokewa na wazazi kwa ugonjwa wa ukimwi. Mtu angedhani kwamba vijana kama hao ni wa kupokea tu. Kumbe shule yao ina kanuni: amalizapo masomo, kabla ya kuendelea na chuo, kijana hutumikia jamii kwa muda wa miezi sita.

Hapo nilitambua kosa letu. Tumezoea kufikiri kwamba dunia imegawanyika mafungu mawili, fungu la watoao na fungu la wapokeao, nasi tumejiandikisha wenyewe katika fungu la pili. Mtume Paulo hakufikiri hivyo. Alipokusanya mchango kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, aliwasifu hasa Wakristo wa Makedonia, ambao walikuwa maskini sana, na hata hivyo wakaomba wasinyimwe nafasi ya kutoa.

Basi nikamwita yule kijana, nikamwambia: "Tutakwenda ng'ambo."

Safari yetu

Yeyote aijuaye Kindu aijua Lualaba. Mitaa ya Kasuku na Mikelenge iko ukingo wa kushoto, pamoja na ofisi, stesheni ya reli na kiwanja cha ndege. Alunguli iko ukingo wa kuume, na kuvuka ni kwa chombo. Kwa mtumbwi ni safari fupi, lakini wako wanafunzi wangu waliozaliwa Kasuku ambao hawakuwa wamepata kukanyaga ng'ambo hata mara moja.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni tulivuka, vijana ishirini na mimi. Tulikuwa tumechanga madaftari, sabuni na nguo zilizovaliwa. Kutoka bandari ya Alunguli tulitembea muda wa saa mbili, tukipishana na watu wa baisikeli waliolemewa na magunia na madumu ya mafuta ya mawese, tukafika kijiji kimoja chenye shule ya msingi. Shule hiyo ilikuwa na vyumba viwili vya miti na udongo. Cha tatu kilikuwa kimeanguka, na watoto wa chumba hicho walisomea chini ya mwembe.

Tulipokewa vizuri mno. Akina mama walipika wali, sombe na samaki. Lakini mara tu tulipofika, vijana wangu wawili walitoa simu, wakaanza kuwapiga picha watoto wenye nguo zilizochanika. Bibi mmoja akamfunika mjukuu wake uso kwa kitenge, akasema kwa upole: "Wanangu, hamjamwuliza hata jina." Niliona haya. Mara ngapi sisi tumenung'unika kwamba wageni hupiga picha za taabu yetu na kuzipeleka kwao! Kumbe ugonjwa huo hauchagui rangi ya mtu. Humshika kila atokaye upande wenye kitu na kwenda upande usio na kitu.

Baada ya chakula mzee wa kijiji alitushukuru kwa zawadi, kisha akasema: "Nguo zitachakaa. Sisi tunataka chumba. Udongo upo, maji yapo, mikono ya watoto wetu ipo. Mtatusaidia kufyatua matofali?" Tukakubali kwa shangwe. Na hapo wanafunzi wa mjini, wajuao hesabu na Kifaransa, waligeuka wanafunzi wa watoto wa darasa la tano. Hawakujua kiasi cha maji, hawakujua kukanyaga udongo, na matofali yao ya kwanza yalivunjika yote. Watoto wa kijiji walicheka hadi machozi, kisha wakawashika mikono, wakawaonyesha. Kufika jioni tulikuwa tumepanga matofali mengi juani. Kabla ya kuagana nilisema mbele ya watu wote: "Baada ya majuma mawili tutarudi, tukate kuni pamoja nanyi, tuyachome." Mzee akaniuliza: "Mwalimu, ni hakika?" Nikajibu: "Ni hakika."

Hapa naungama kosa langu. Majuma mawili yalipita, nasi hatukwenda. Ilikuja mitihani, kisha likizo, kisha shughuli za kufungua mwaka mpya. Kila juma nilijiambia, juma lijalo. Sikutuma hata salamu kwa mtu wa baisikeli. Mwezi wa Oktoba tulivuka tena, tukakuta mvua imetutangulia. Matofali yote yalikuwa yamerudi kuwa matope, na juu yake nyasi zimeota.

Nilimwuliza mzee kwa nini hawakuyachoma wenyewe. Hakukasirika. Alisema: "Tuliwangoja, maana mlisema. Ndani ya kijiji hiki, mtu akisema nitakuja, huja."

Wasomaji wapenzi, nimesoma miaka mingi seminarini, nimesikia mahubiri mengi, lakini sijapata kusikia mahubiri mafupi kama hayo yenye kuchoma kama hayo. Maneno ya Yohane Paulo niliyowafundisha wanafunzi, juu ya nia yenye kudumu, yalisimama mbele yangu kama shahidi. Mshikamano wangu ulidumu Jumamosi moja. Tena ulifanya hasara kuliko kama tusingekwenda kabisa, maana watu wale waliacha kazi waliyoweza kuimaliza wenyewe, kwa kutuamini.

Sote tulinyamaza. Ndipo yule kijana aliyeuliza swali darasani akavua viatu, akakunja suruali, akaingia katika shimo la udongo, akaanza kukanyaga. Hakusema neno. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na watoto wa kijiji nao wakaingia.

Safari hii tulijenga kwanza kibanda cha makuti ya mawese ili matofali yakauke bila kunyeshewa. Shauri hilo lilikuwa la wenyeji, si langu. Tulivuka Jumamosi tano. Mara moja mvua ilitukamata katikati ya mto, mara nyingine tulikosa nauli ya mtumbwi na mwenye chombo akatuvusha kwa deni, ambalo tulililipa. Mwishowe tanuri liliwashwa usiku, na wazee wakakesha nalo pamoja na vijana wetu, wakiwasimulia habari za zamani. Leo chumba kile kimesimama. Si kikubwa, na paa lake ni la makuti. Lakini wanafunzi wangu wanawajua kwa majina watoto wasomao ndani yake, na watoto hao wakija mjini hupiga hodi kwetu bila woga.

Mambo matatu ya kushika

Kwa hiyo, kwa wazazi, walimu na wanafunzi watakaopokea wageni au watakaosafiri wenyewe, nasema mambo matatu.

Kwanza, mgeni aje kujifunza kabla ya kufundisha. Aulize majina kabla ya kutoa simu ya picha, na aulize haja ya watu kabla ya kufungua mzigo. Wenyeji nao wasione haya kusema haja yao kweli, kama mzee yule aliyethubutu kutuambia kwamba nguo zitachakaa.

Pili, asiahidi mtu jambo asiloweza kulitimiza. Mwenye taabu akidanganywa na asiye na taabu, jeraha lake huwa mbili. Heri safari moja fupi yenye ahadi ndogo iliyotimizwa kuliko safari ndefu yenye hotuba nyingi. Na anayechelewa, atume habari.

Tatu, arudipo kwao asinyamaze. Wa Ulaya waseme juu ya madini na bei zake, na juu ya haki ya wachimbaji. Wa Kasuku waseme juu ya watoto wa ng'ambo wasomao chini ya mwembe. Safari isiyobadili lolote nyumbani kwa msafiri ni matembezi tu.

Tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia vijana wa Kongo waitazame mikono yao. Katika vidole vitano aliwaonyesha mambo matano: sala, ushirika, unyofu, msamaha, na mwisho kabisa, katika kidole kidogo, utumishi. Niliposikia hayo nilifurahi kwamba utumishi ulipewa kidole kidogo kuliko vyote. Kidole hicho kila mtu anacho, tajiri na maskini, mtoto wa Brussels na mtoto wa Alunguli. Wala hakuna mkono ulio maskini hata usiweze kukanyaga udongo pamoja na jirani.

Sasa naweza kumjibu kijana wangu. Tutakwenda kwa yule ambaye mto umetutenga naye, na kila mtu anao mto wake: kwa mmoja ni Lualaba, kwa mwingine ni bahari, kwa wa tatu ni ugomvi wa kale na jamaa wa nyumba ya pili. Na wazee wetu waniwie radhi nikiongeza neno katika methali yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo. Lakini siku ile penye shimo la udongo, wenyeji walitupokea tena baada ya kosa letu, na aliyepona alikuwa mgeni.